Kila Unywele na Punje Yake

Wifi yangu ni msusi, na kama hujawahi kukaa kwenye kigoda chake hujui mkono mwepesi ni nini. Anakuinamisha shingo, anapitisha kitana mara moja tu, na mstari unatoka umenyooka kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Watu wote wanamwita Msusi, hata kaka yangu aliyemuoa. Mimi nimemtania tangu siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwetu, maana wifi asiyetaniwa atajuaje kwamba amepokelewa? Lakini habari hii ya mahindi lazima niisimulie mimi. Yeye akiachiwa ataimaliza kwa maneno mawili matatu na kurudi kwenye kichwa cha mteja, na mimi siwezi kukubali jambo tamu namna hii liharibiwe na mtu asiyependa kuongea.

Huku kwetu mvua ni mgeni anayebisha hodi na kuondoka kabla chai haijachemka. Tunalima kwa maji ya kisima kirefu kimoja. Pampu inayavuta, inajaza tangi lililokaa juu ya miguu ya chuma, na kutoka hapo mabomba yanashuka mashambani. Kila shamba lina zamu yake. Msimamizi wa zamu ni Fundi Pampu, bwana mwembamba asiyeachana na spana yake hata akienda kwenye msiba. Kanuni ya kisima ni fupi: shamba likikosa mavuno misimu miwili mfululizo, zamu yake anapewa aliye mbele kwenye foleni. Hakuna cha undugu wala machozi.

Aliyekuwa mbele kwenye foleni wakati ule ni Mama Vitunguu, jirani yetu wa nyuma. Alikuwa na kipande kizuri cha ardhi, ila hakuwa na zamu, hivyo vitunguu vyake alivimwagilia kwa ndoo alizobeba kichwani kutoka kwenye bomba la barabarani, asubuhi na jioni, akipita mbele ya uwanja wetu bila kugeuza shingo. Kila mtu alijua kwamba anangoja shamba la mwenzake lishindwe. Sisemi kwa ubaya. Anayepanga foleni hana kingine cha kungoja.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye kigoda. Mpishi mmoja wa hosteli alikuja kusukwa, akaja na hindi lililochemshwa, akamkatia Msusi kipande. Msusi akatafuna, mikono ikasimama hewani.

"Hili ni hindi au ni muwa?" akauliza.

"Ni mahindi matamu," mpishi akamjibu. "Jikoni kwetu wanayataka kila wiki na hakuna anayeyalima huku. Wanasema nchi ni kavu mno."

Basi, mpishi wa watu alirudi kwake jioni ile kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, kwa sababu Msusi alikwisha kwenda kusimama shambani. Shamba lenyewe ni la marehemu wazazi wetu, na zamu yake ni ya ukoo. Kaka yangu ni dereva wa lori, yuko safarini zaidi kuliko nyumbani. Mimi nina duka la vitambaa. Tangu mavuno ya msimu uliotangulia shamba lilikuwa limelala tu, linaotesha miiba. Msusi akalichukua, na mimi nikasema moyoni, haya, tuone vidole vya kusukia vitafanya nini kwenye jembe.

Msimu wa kwanza alifanya kama watu wote wa huku wanavyofanya. Sisi mtu akipata mpira wa matone, ule wenye vitundu vidogo vinavyodondosha maji kwenye shina, anaulaza mzima mzima kando ya njia, kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Mpira mmoja mrefu, mstari mmoja mrefu. Kuukata ni mwiko. Tena kuna raha yake: kila apitaye njiani anaona jinsi shamba lako lilivyonyooka. Msusi akapanda mahindi yake mstari mmoja, na kwa kunyooka, hakuna aliyewahi kumfikia. Watu walikuwa wanasimama kuyatazama. Mabua yalipanda juu ya kichwa changu, majani yakawa ya kijani kizito, na mimi nikaanza kujisifu dukani kuhusu wifi yangu.

Siku ya kuvuna nilikuwepo. Alivunja hindi la kwanza, akalimenya. Akavunja la pili. Gunzi lilikuwa na punje tatu hapa, mbili kule, na katikati mapengo matupu. Yote yalikuwa hivyo, mstari mzima.

"Wifi," nikamwambia, "mahindi yako yamezeeka kabla yako. Hayana meno."

Hakucheka. Alikaa chini na hindi mkononi, na nilivyomwona vile mzaha wenyewe ukanikauka mdomoni. Fundi Pampu alipita, akatazama, akasema kwa upole kabisa, "Huo ni msimu mmoja, dada." Hakuhitaji kumalizia.

Bwana shamba alikuja na pikipiki yake baada ya siku chache, akaomba kuona lile hindi. Ni mtu wa kueleza vizuri, hana haraka. Akashika nywele za hindi, zile nyuzi laini zinazotokeza kwenye ncha, akazifuata kwa kidole mpaka ndani ya maganda.

"Unaona hizi?" akasema. "Kila unywele umeshikamana na punje moja. Ule unga wa njano unaotoka kwenye mbelewele, yale maua ya kileleni kule juu, yaani chavua, lazima uangukie unywele ndipo punje yake ijae. Unywele usioguswa unaacha pengo. Sasa wewe umepanda mstari mmoja. Upepo ulikuwa unavuka, unachukua chavua yote, unaipeleka njiani. Umewapaka poda wapita njia."

"Kila unywele una punje yake?" Msusi akauliza.

"Kila mmoja."

"Mbona hukuanza na hapo?" akasema wifi yangu, na nikaona macho yake yamebadilika. Ukimwambia msusi habari ya udongo atakusikiliza kwa adabu. Ukimwambia habari ya nywele, umemkabidhi dunia.

Yule bwana akamweleza mengine. Apande mistari mifupi mingi iliyokaa pamoja, pande zote ziwe karibu sawa, ili upepo ukitoka popote chavua iangukie mmea wa jirani. Akae mbali na mahindi ya kawaida, maana chavua yake ikiingia utamu unakwisha. Afunike udongo kwa nyasi kavu, jua lisinywe maji kabla ya mizizi. Amwagilie alfajiri, maji yashuke chini kabisa, kisha aache mizizi iyafuate badala ya kuonja onja juu kila saa. "Na wakati wa nywele," akamalizia, "hata kama utanyimwa maji siku nyingine zote, wakati wa nywele yasikose."

Msimu wa pili ulianza kwa kashfa. Msusi alichukua ule mpira mrefu, akachukua mkasi, na akaukata. Mbele za watu. Alikata vipande vifupi, akaviunganisha kwenye bomba moja la pembeni, kila kipande akakifunga ncha kwa kukikunja na kukaza waya. Wazee wa mashamba ya juu walishika vichwa. Fundi Pampu alikuja mbio kuzuia, akakuta kazi imekwisha.

"Umeukata mpira mzima," akasema, kama mtu anayetangaza kifo.

"Kichwa hakisukwi kwa mstari mmoja, Fundi," akamjibu, na kuendelea kukunja.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikuwa amegawanya shamba vile anavyogawanya kichwa, mistari ikaja sambamba, na katikati ya mistari akatandaza nyasi kavu alizozikata mwenyewe kwenye korongo. Mimi nilibeba matita mpaka mgongo ukaniambia habari zake. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza alikuwa anachuchumaa, anapenyeza kidole chini ya nyasi, anatulia na kusikiliza kwa ncha ya kidole. Ndivyo anavyopima ngozi ya kichwa kabla ya kukaza nywele. Udongo wa wenzake ulikuwa umepasuka, wake unashikana kwenye kiganja. Nilianza kwenda shambani kabla ya kufungua duka, si kwa sababu aliniita, bali kwa sababu nilishindwa kukaa. Mimea ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu na nilitaka kuiona.

Mbelewele zikatoka, shamba zima. Nywele nazo zikatoka, za kijani mpauko, laini, zinateleza mkononi. Maji hayakukosa. Na hapohapo upepo ukafa.

Mtu wa mahali pengine hawezi kuelewa tulivyoshtuka. Huku upepo haukosekani, tunaulaani mwaka mzima kwa kutujazia vumbi kwenye sufuria. Wiki ile hakuna jani lililotikisika. Nguo kwenye kamba zilining'inia zimenyooka. Mbelewele zilisimama zimejaa unga wa njano, na nywele ziko chini yake, karibu kabisa, zinangoja, na hakuna kitu cha kuuangusha. Bwana shamba alipopigiwa simu alisema chavua huachia asubuhi, jua likishapanda inaungua, na nywele nazo hazingoji milele.

Msusi alikaa kwenye kigoda chake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akainuka.

"Wifi, kesho njoo na mikono yako," akaniambia.

"Niliwahi kuja bila hiyo mikono?"

"Njoo nayo imepumzika."

Mpango wake ulikuwa huu: kama upepo umekataa, sisi tutakuwa upepo. Tutapita kila mstari, tutashika kila bua na kulitikisa juu ya wenzake. Lakini shamba lilikuwa kubwa kwa watu wawili, na asubuhi ni fupi. Akapeleka ujumbe kwa wateja wake: wiki hii anayetaka kusukwa aje shambani alfajiri. Kwanza tunatikisa mahindi, kisha vichwa vitashughulikiwa palepale chini ya kivuli cha tangi.

Nilidhani watakuja wawili. Walikuja wote. Mwalimu, muuza maziwa, mpishi wa hosteli, mabinti wa jirani, wengine wamefumua nywele usiku kucha na vichwa vimesimama kila upande. Ungetuona ungekimbia. Na nyuma yao kabisa, amevaa kanga yake ya kazi, ndoo ameitua kando ya njia, alikuwa Mama Vitunguu.

Nilimfuata moja kwa moja. Sijui kuficha, na sikuficha.

"Mama, wewe umekuja kutikisa au kung'oa?"

"Nimekuja kusukwa," akasema.

"Haya mahindi yakijaa, wewe hupati maji. Unalijua hilo?"

"Nalijua kuliko wewe. Shingo inayobeba ndoo ni yangu." Akayatazama mabua. "Lakini mahindi hayajanikosea kitu. Nipe mstari."

Nikamgeukia wifi yangu ili amfukuze. Msusi akamwonyesha kwa kidevu. "Shika ule wa katikati, mama. Ndio mzito zaidi."

Basi tukaanza. Sijui nikuelezeje. Unashika bua, unalipiga kwa kiganja, na unga wa njano unamwagika juu ya nywele, juu ya majani, juu yako. Hewa ile iliyokufa ikajaa dhahabu. Tulikuwa tunapita mistari tukicheka, tukipiga chafya, vichwa vya njano, kope za njano. Mwalimu alikuwa anaimba. Mama Vitunguu hakuimba wala hakucheka, alikuwa anatikisa bua kwa bua, haruki hata moja, na anapofika mwisho wa mstari anarudi kuhakikisha. Nilimchungulia muda wote nikitafuta hila. Sikuiona, na ilinikera.

Kaka yangu akapiga simu kutoka safarini katikati ya shughuli.

"Mke wangu yuko wapi, hapokei?"

"Anatikisa mahindi."

"Anafanya nini?"

"Upepo haupo, kaka. Tunaukaimu."

Akauliza kama wote tuko wazima. Nikamwambia hatujawahi kuwa wazima kuliko leo, nikakata.

Tulifanya hivyo kila asubuhi mpaka chavua ikaisha. Halafu bwana shamba akatufundisha namna ya kujua kama kazi imefaa bila kungoja mavuno: chukua hindi changa moja, limenye taratibu mno, nywele zisikatike, kisha litikise. Unywele uliopata chavua unajiachia. Usiopata unang'ang'ania. Msusi alichagua hindi kwenye mstari wa pembeni. Alilimenya kwa ncha za vidole, ganda baada ya ganda, na sisi tumejazana mabegani kwake. Akalitikisa.

Nywele zilimwagika miguuni pake, fungu zima. Gunzi likabaki jeupe, safi, bila hata uzi. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona msusi akishangilia nywele kunyonyoka. Alirusha mikono juu, akanikumbatia mimi niliyemsumbua miaka yote, na nikalia bila haya yoyote.

Zikabaki siku za kungoja, na hizo ndizo zilizotaka kuniua. Niliharibu vipimo vya vitambaa vya wateja wawili kwa kuwaza mahindi. Nywele zikageuka kahawia, zikakauka. Msusi akaanza kubana punje kwa ukucha kila alfajiri: mara maji matupu, mara maji yenye ukungu, na siku moja yakaruka maziwa meupe yakaniingia jichoni.

"Tayari," akasema.

Fundi Pampu aliitwa kama kanuni inavyotaka, akaja na wenye mashamba kadhaa. Jua lilikuwa bado halijatoka sawasawa na majani yalikuwa ya baridi. Mama Vitunguu naye alikuwepo, kwa sababu aliye mbele kwenye foleni lazima ashuhudie. Alikuwa na ndoo yake.

Fundi hakutaka kuchaguliwa hindi. Aliingia mwenyewe mpaka katikati, akavunja hindi, akatoka akavunja lingine kwenye kona, pale ambapo mapengo hupenda kukaa. Akalimenya la kwanza mbele yetu. Punje zilikuwa zimejipanga kuanzia kitako mpaka nchani, zimebanana, zinang'aa. La pili vilevile, ila ncha yake kidogo ilikuwa tupu, ya kutosha ukucha mmoja. Aliligeuza, akaligeuza tena. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akaling'ata bichi. Maji yake matamu yakamtiririka kidevuni, na yule bwana ambaye sijawahi kumwona akifurahia kitu kisicho na nati akafumba macho. Akala hindi lote tukiwa tumesimama.

"Zamu ni yenu," akasema alipomaliza.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Wengine wakaitikia. Mama Vitunguu alimpa Msusi mkono, akasema, "Hongera, mwanangu," kwa sauti ya kawaida kabisa. Akainama kuchukua ndoo yake.

"Fundi, subiri," Msusi akasema. "Nusu ya zamu yangu mpe mama huyu."

Mimi ndiye niliyeruka wa kwanza, nani mwingine?

"Wifi, jua limekupanda kichwani kabla halijachomoza? Tumebeba nyasi, tumetikisa mabua, tumeipigania zamu hii, na wewe unaigawa kama peremende?"

Alinishika mkono, akanichuchumaza, akaupenyeza mkono wangu chini ya nyasi. Udongo ulikuwa wa baridi, umelowa, ukanishika vidole.

"Sijafungua koki tangu juzi," akasema. "Msimu mzima zamu ikifika katikati nimekuwa nafunga. Nikiyaacha yaendelee yanapita chini ya mizizi, hakuna anayeyanywa. Maji yananitosha."

Kuna watu wamezaliwa, wameoa na kuzeeka kwenye foleni ya kisima kile. Nimesikia wakisema maji ni machache, maji yamechelewa, maji yameibwa, maji ya fulani ni mengi kuliko yangu. Neno lile hakuna aliyewahi kulitamka. Mama Vitunguu alikuwa bado ameinama, mkono kwenye mpini wa ndoo, haiinui wala haiachi. Nilikwenda nikaishika ile ndoo mimi, nikaiweka pembeni, kwa sababu ilibidi mtu afanye kitu.

Fundi Pampu alitoa spana yake, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Sema tena," akamwambia Msusi.

"Maji yananitosha."

"Tena, dada. Kwa sauti, na wale wa mashamba ya juu wasikie."